Kishikwambi kwa Butura

Januari iliyopita, wiki shule zilipofunguliwa, dada yangu alinipigia simu kutoka Nkwenda. Salamu zilikuwa fupi, nikajua kuna jambo. Alikuwa amepata mtu wa kununua kahawa yake. Nikamuuliza kahawa gani, maana mwezi ule kahawa ya Kyerwa bado ni kijani mtini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si unajua, ndugu yangu." Nilijua. Alitaka kuuza butura.

Kwa msomaji asiyetoka Kagera: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado shambani, pengine ikiwa ua tu. Mnunuzi anakadiria kwa macho, anakupa fedha leo, na msimu ukifika mavuno ni yake. Bei ni ya mwenye shida. Serikali imeipiga marufuku biashara hii, viongozi wameikemea majukwaani, na bado ipo, kwa sababu ada na ugonjwa havisubiri msimu ufunguliwe.

Ila safari hii haikuwa ada wala ugonjwa. Mpwa wangu alikuwa anaingia kidato cha tatu, na duka moja pale Omurushaka lilikuwa na kishikwambi cha shilingi 350,000. Hoja ya binti haikuwa ya kitoto. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na shuleni kwao kitabu kimoja husomwa na watoto wengi. Kwenye simu ya mama yake kurasa hazisomeki.

"Wewe ndiye msomi wetu," dada akasema. "Niambie tu, kinafaa au hakifai?"

Nikamwomba wiki moja.

Watu wengi wa vijiji vyetu walikiona kishikwambi kwa mara ya kwanza mikononi mwa karani wa sensa, tarehe 23 Agosti 2022. Sensa ya 2012, mwaka ambao Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya, makarani walibeba madodoso ya karatasi. Miaka 10 baadaye karani alikaa kwenye kigoda, akauliza, akagusa kioo, akaondoka. Tukahesabiwa watu 61,741,120 nchi nzima. Baada ya hapo serikali ikaamua vishikwambi vile viende kwa walimu. Kwa hiyo kifaa hiki kilifika kwetu kwanza kama chombo cha kutuhesabu, kisha kama chombo cha kufundishia. Swali la dada yangu lilikuwa jipya: je, kinaweza kuwa chetu?

Swali la namna hiyo Karagwe ilishalijibu zamani, kwa kitu kingine.

Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange, kwenye makao ya Omukama Rumanyika, wakiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Rumanyika hakuwa mshamba wa vitu vya kigeni. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu tu, wakileta nguo na shanga na kuondoka na pembe za ndovu. Aliwapokea wageni vizuri, akawauliza maswali mengi kuhusu nchi zao, na miongoni mwa zawadi alizopewa na Speke ilikuwamo bunduki.

Mwaka 1876 akapita Henry Morton Stanley. Naye alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme. Humo mlikuwa na sanamu za wanyama na ndege za chuma na shaba, mikuki ya heshima, na ile bunduki ya Speke. Miaka kama 15 ilikuwa imepita. Silaha ilikuwa imekuwa kumbukumbu.

Nilipokuwa mdogo ningecheka. Sasa naisoma tofauti. Ng'ombe wa chuma wa Karagwe, wale wenye pembe ndefu ambao leo picha zao zimo katika vitabu vya sanaa, hawakulima wala hawakukamuliwa. Lakini kazi walikuwa nayo: walisema nani ni mfalme. Na walikuwa na fundi. Ukanda huu wa Kagera ulikuwa unayeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, wanaakiolojia wamezichimba tanuru zake. Kitu kikivunjika, mhunzi yupo. Bunduki ya mgeni ilihitaji risasi za kipimo chake na mtu wa kuifungua na kuirudisha, na hao walikuwa mbali sana. Rumanyika, kwa maoni yangu, hakushindwa kuitumia. Aliiweka mahali ambapo thamani yake ingedumu, yaani kwenye kumbukumbu ya urafiki.

Jambo kubwa kwangu ni kwamba haikumgharimu kesho yake. Ilikuwa zawadi. Dada yangu yeye alikuwa anataka kulipa kwa mavuno ambayo hayajaiva.

Hapo ndipo nikakumbuka bati.

Ukiwa Nkwenda, upande wa Kaisho na Murongo kuna vilima ambavyo watu wamevichimba tangu enzi za Waingereza, miaka ya 1920, wakitafuta madini ya bati. Si mabati ya kuezekea, hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Ni bati lenyewe, jiwe zito jeusijeusi linalotoka mwambani au kwenye mchanga. Wanajiolojia huuita ukanda huu wa miamba kwa jina la Karagwe na Ankole, nao unavuka mipaka mpaka Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Sasa fungua kishikwambi. Ndani kuna vipande vidogo vimeshikizwa juu ya kibao, na kinachovishikiza ni ule waya laini ambao fundi simu huuyeyusha kwa chuma cha moto. Zamani ulikuwa bati na risasi. Tangu Ulaya ilipozuia risasi katika vifaa vya umeme mwaka 2006, waya huo kwa sehemu kubwa ni bati. Hata kile kioo kinachosikia kidole kwa kawaida kimepakwa utando mwembamba sana wenye bati ndani yake. Sisemi kwamba bati la Kyerwa limo katika kile kishikwambi cha Omurushaka. Bati likishayeyushwa halina tena kijiji. Nasema tu kwamba kitu ambacho dada yangu alikuwa anakitamani, aina ya udongo wake tunaikanyaga.

Mwaka 2010 mambo mawili yalitokea Marekani, yamepishana miezi mitatu. Aprili, iPad ya kwanza ikaingia sokoni, na dunia ikaanza kupanga foleni kwa ajili ya kifaa cha aina hii. Julai, ikasainiwa sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaliyoandikishwa kwenye soko la mitaji yaeleze kama bati, dhahabu na madini mengine mawili wanayoyatumia yametoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Lengo lilikuwa kuvinyima fedha vikundi vyenye silaha mashariki ya Kongo. Lakini Tanzania inapakana na Kongo. Mchimbaji wa Kyerwa, ambaye hajawahi kuiona vita ile, naye akajikuta anahitaji karatasi ya kuthibitisha jiwe lake limetoka wapi. Asiye na karatasi huuza kwa bei ya asiye na karatasi, na mpaka uko karibu. Baada ya masoko ya madini kuanzishwa nchini mwaka 2019, Kyerwa nayo ikapata soko la bati. Kabla ya hapo, mzigo mwingi uliondoka kimyakimya.

Hiyo nayo naiita butura. Unauza kitu kikiwa kibichi, kwa kadirio la mwingine, kisha unakinunua kikiwa kimeiva kwa bei yake. Kahawa ni hivyo. Bati ni hivyo. Na nilipofika kwenye vitabu nikakuta ni yaleyale.

Mwisho wa wiki niliazima kishikwambi cha rafiki yangu, nikampitia mpwa, tukaenda kwa baba mkubwa, upande wa Nyaishozi. Nilitaka kujaribu chombo chenyewe kabla ya kutoa hukumu. Nilikuwa nimepakua kitabu cha Speke cha mwaka 1863, ambacho kinapatikana bure mtandaoni. Binti akasoma Kiingereza, mimi nikatafsiri, mzee akasikiliza huku amefumba macho.

Alifurahia Rumanyika anavyosifiwa. Alicheka aliposikia ziwa letu lilipewa jina la Windermere, la huko Uingereza. Kisha tukafika pale Speke anapoeleza wanawake wanene wa ukoo wa kifalme, walionyweshwa maziwa mpaka wasiweze kusimama, na jinsi alivyompima mmoja wao, mkono, kifua, paja. Mpwa akasita kusoma. Mzee akafumbua macho.

"Alimwomba ruhusa nani?"

Tukarudi nyuma tukasoma tena. Speke mwenyewe anaandika kwamba yule mama alikubali baada ya yeye, mgeni, kuahidi kumwonyesha naye miguu na mikono yake mitupu.

"Aa," mzee akasema. "Basi yule mama hakuwa mjinga. Na yeye aliandika wapi alichokiona?"

Hakuandika. Ndiyo sababu swali lile limeninyima usingizi. Historia ya Karagwe iliyoandikwa na mtoto wa Tanzania ipo: Israel Katoke aliitoa mwaka 1975 jijini Nairobi, *The Karagwe Kingdom*. Nilipoitafuta kwenye kifaa, Speke alikuja bure kwa dakika mbili. Katoke bure sikumpata, na dukani hayumo. Atakayempa mtoto wa Kyerwa kishikwambi na kumwachia atafute mwenyewe, anampa kwanza macho ya Speke.

Ningeweza kuishia hapo na kusema hakifai. Lakini nisingekuwa mkweli, kwa sababu saa ileile mpwa wangu alikuwa amewasha kinasa sauti bila kuniambia. Baba mkubwa aliendelea kuzungumza karibu saa nzima: majina ya vilima, nani alikuwa mhunzi, mama yake alivyosimulia juu ya ikulu ya Bweranyange. Mambo ambayo mimi, msomi wao, sikuwahi kumuuliza. Simu ya mama yake ingeweza kunasa sauti pia, ni kweli. Lakini simu haikutukalisha watatu mbele ya ukurasa mmoja, na bila ule ukurasa mzee asingekuwa na cha kubishana nacho.

Jumatatu nikampigia dada.

"Kinafaa," nikamwambia. "Kwa butura hakifai."

Nikamweleza kwa lugha ya hesabu, si ya Rumanyika. Kishikwambi hakiivi. Kikinunuliwa leo, kesho thamani yake imepungua, na miaka michache tu betri imechoka. Kahawa iliyo mtini kila wiki inaongezeka. Kubadilisha kinachopanda kwa kinachoshuka, tena miezi mitano kabla ya wakati, ni kulipa mara mbili. Pia kuna bando, na kioo kikipasuka fundi wa uhakika yuko mbali. Asubiri msimu, na mimi nitachangia nusu. Mpaka wakati huo, binti angekuja kwangu kila likizo kusomea kompyuta yangu.

Alikasirika. "Nyie mnaosoma mna maneno," akakata simu. Siku mbili hakupokea. Ya tatu akaniandikia ujumbe kwamba yule mnunuzi amekwenda kwa jirani.

Julai, kahawa yake ikapita mnadani. Ilileta zaidi ya mara mbili ya fedha aliyoahidiwa Januari. Jirani hakuvuna kitu. Sikufurahia kulisikia hilo, maana ningeweza kumfikishia na yeye maneno yaleyale na sikufanya hivyo.

Kishikwambi tulikinunua mwezi wa nane, kilichotumika, kwa bei nafuu kuliko kile cha Omurushaka. Binti anasomea vitabu vya maktaba ile, na wakati mwingine anaangalia mambo yake, sina ugomvi. Sharti langu lilikuwa moja: sauti za baba mkubwa aziandike zote kwenye daftari la karatasi, kwa mkono. Amefika ukurasa wa 41. Ukurasa wa kwanza ameandika swali la mzee, bila jibu.