Hema Likiloa, Nani Anabeba?

Wadau, wiki iliyopita nilifungua hema langu baada ya miezi mitatu kabatini. Jamani, ile harufu! Kosa ni langu: tulinyeshewa milima ya Uluguru, nikalikunja likiwa limeloa, kisha nikalisahau. Nikalipeleka Kariakoo kwa fundi wa maturubai. Alilinusa, akacheka: "Hili halikuuawa na mvua, mdogo wangu. Limeuawa na uvivu."

Kwenye daladala nikaanza kulifikiria jina Kariakoo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu, si kwa risasi. Mizigo ya jeshi, mahema yakiwemo, ilipita vichwani mwao.

Na haikuanza na vita. Tunasimulia safari za wazungu kana kwamba hema lilitembea lenyewe. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, masika yalimkuta njiani na bonde la Makata likageuka kinamasi. Mzigo wa mpagazi ulipangwa usizidi ratili 70, kama kilo 32 hivi. Lakini turubai la pamba hunywa maji. Mzigo uliopimwa ukiwa mkavu pwani haukuwa mzigo uleule baada ya usiku mmoja wa mvua.

Kwa hiyo kuanika hema hakukuwa usafi tu. Kila dakika ya jua kabla ya kufunga mizigo ilimpunguzia mtu uzito kichwani. Tena pamba ikifungwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hula nyuzi zenyewe mpaka kitambaa kinachanika kama karatasi.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alianza safari yake Kapiti Plains, Kenya ya leo, akiwa na wapagazi zaidi ya 200. Bendera ya nchi yake ilipepea kwenye hema lake. Wanyama aliowapiga tunawajua, kaandika kitabu kizima. Waliobeba lile hema tunawajua wangapi?

Mambo yalibadilika nailoni ilipogunduliwa kwenye maabara za DuPont mwaka 1935. Baadaye mahema yakawa mepesi, nasi tukadhani hayahitaji matunzo. Si kweli. Kuvu haili nailoni kirahisi kama pamba, lakini hushamiri kwenye vumbi na makombo. Unyevu nao huvunja ule utando wa ndani unaozuia maji, mpaka unanata na kubanduka. Ndicho kilichonikuta.

Fundi kanielekeza hivi. Lisimamishe hema, ulipanguse kwa sponji laini, maji baridi na sabuni kidogo isiyo kali. Usitie jiki, usilitupe kwenye mashine ya kufulia. Suuza mchanga kwenye zipu. Anika kivulini, maana jua kali la siku nyingi hudhoofisha nailoni. Likikauka kabisa, lihifadhi likiwa limelegea kwenye mfuko wa kitambaa, pakavu.

Leo Kilimanjaro, taratibu za hifadhi zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Ni hatua kubwa kutoka zile 32. Ila hema likiloa usiku kule juu, asubuhi mizani ya getini iko mbali, na maji yale hayamo kwenye hesabu ya mtu. Ukipanda, usiwe na haraka. Likung'ute hema, lipate jua kidogo kabla halijafungwa. Shingo inayolibeba si yako.

Langu limesimama kivulini uani. Fundi hajaniahidi kitu. Nitawajuza.