Tiba ya Ushahidi Uliopimwa

Wahadhiri wa sayansi za afya mjini Goma hufundisha kwa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe hakijakubaliana juu ya istilahi ya kile Kiingereza huita “evidence-based medicine”. Wengine husema tiba iliyojengwa juu ya “preuves”, wengine, hasa wa Quebec, hupendelea “données probantes”. La kwanza hufunga mjadala kama lifanyavyo neno letu uthibitisho. La pili hukubali kwamba kesho huenda tukajua zaidi. Kiswahili kimeshazoea ushahidi, na neno hilo linafaa, ila peke yake halitoshi: shahidi huweza kusema kweli, kukosea au kudanganya, ndiyo maana hakimu humpima. Napendekeza tuseme tiba inayofuata ushahidi uliopimwa. Dhana hii ilipewa jina na Gordon Guyatt wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na David Sackett na wenzake wakaifafanua mwaka 1996: matokeo bora ya utafiti yaungane na ujuzi wa daktari na matakwa ya mgonjwa.

Kivu Kaskazini, jimbo la Goma, inajua maana ya kupima. Ebola ilitangazwa huko Agosti 2018. Novemba, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, INRB, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na washirika wake wakaanza jaribio la PALM huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa wakigawiwa dawa nne kwa kura. ZMapp ilikuwa imejijengea sifa tangu mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, na remdesivir ilikuwa imewaokoa kima maabarani. Hata hivyo, katika siku 28 walifariki karibu nusu ya waliopewa ZMapp, na 53 katika kila 100 waliopewa remdesivir. Kwa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, walifariki 35 katika kila 100. Kwa REGN-EB3, takriban 34. Agosti 2019 zile mbili dhaifu zikaachwa. Kabla ya kupimwa, kila dawa ilikuwa na shahidi wake.

Wapo watakaosema Goma ina vita, umeme wa kubahatisha na majarida ya bei kali. Vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na jaribio likaendelea. Tena tangu 2002 mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani hufungulia vyuo vya nchi maskini majarida hayo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tafiti nyingi zimefanywa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Ni kweli, na hapo ndipo upimaji unapohitajika: nani walichunguzwa, walilinganishwa na nani, wangapi walipotea njiani, na je, wanafanana na mama aliyelala wodini Goma? Matakwa ya mama huyo husemwa kwa Kiswahili, hivyo mhadhiri anahitaji istilahi anayoweza kumweleza. Upimaji huo haufunzwi kwa orodha: mafunzo endelevu yanayowasomea wahadhiri orodha ya dawa mpya huzeeka pamoja na orodha hiyo. Vyuo vya Goma viwape wahadhiri saa za kusoma pamoja makala moja na kuihoji, na saa hizo zihesabiwe kuwa kazi.