Transmita ndogo ya FM kwa taa za nyumbani: Mambo ya kujua kabla ya kuiwasha Morogoro

Mapambo ya taa katika nyumba za mijini yameacha kuwa jambo la Krismasi peke yake. Mjini Morogoro, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, nyuzi za taa hutundikwa kwenye mapaa na miembe wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, kwenye harusi na katika msimu wa Maulidi. Kwa anayetaka taa hizo ziwake na kuzimika kwa kufuata muziki, swali la kwanza ni hili: muziki huo utawafikiaje watazamaji walioko barabarani bila kuwanyima majirani usingizi kwa spika kubwa?

Jibu lililozoeleka Marekani ni transmita ndogo ya FM. Mwenye nyumba huweka kibao getini chenye namba ya masafa, na aliye ndani ya gari hufungua redio yake kwenye namba hiyo. Muziki husikika garini, nje kukiwa kimya. Mtindo huo ulipata umaarufu duniani mwaka 2005, pale video ya nyumba ya mhandisi wa umeme Carson Williams, wa mji wa Mason katika jimbo la Ohio, iliposambaa kwenye intaneti. Umaarufu huo ulikuwa na gharama yake. Magari yalijaa mtaani kiasi kwamba alilazimika kusitisha maonyesho hayo mwaka huohuo.

Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri mkubwa hawatalishangaa wazo la kukaa garini na kusikiliza. Katika sinema ya Drive-In ya Msasani, iliyoanza miaka ya 1960, watazamaji walikaa ndani ya magari wakiangalia filamu, na sauti iliwafikia kwa spika zilizofungwa kwenye vinguzo. Uwanja huo ndipo ulipojengwa ubalozi wa Marekani uliofunguliwa mwaka 2003. Tofauti ya mambo ya sasa ni kwamba waya umeondolewa na mawimbi ya redio yamechukua nafasi yake. Hapo ndipo sheria inapoingia.

Sheria inasemaje

Masafa ya redio nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003 kwa kuunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayetumia masafa awe na leseni, na vifaa vya mawasiliano viwe vimehakikiwa na kuidhinishwa na Mamlaka hiyo kabla ya kutumika. Kwa hiyo, kifaa kuuzwa waziwazi dukani si ushahidi kwamba kimeruhusiwa. Hatua ya kwanza kwa mwenye nia ya kupamba nyumba yake ni kuiandikia TCRA, akieleza aina ya kifaa, nguvu yake, mahali kitakapokaa na siku kitakazotumika, kisha asubiri jibu la maandishi.

Nchi nyingine zimeweka kiwango ambacho mtu akikizingatia hahitaji leseni. Uingereza iliruhusu transmita ndogo za FM tangu Desemba 8, 2006, kwa nguvu isiyozidi nanowati 50. Marekani hupima kwa njia tofauti: wimbi lisizidi mikrovolti 250 kwa mita, likipimwa umbali wa mita 3 kutoka kwenye antena, jambo ambalo kwa kawaida huleta usikivu wa mita zipatazo 60. Viwango hivyo havimlindi mkazi wa Kihonda wala Bigwa, lakini vinampa picha ya maana ya neno "ndogo" katika mambo haya.

Nanowati 50 ni sehemu 50 za bilioni moja ya wati. Mwaka 1982 UNESCO ilisaidia kuanzisha kituo cha redio ya jamii huko Homa Bay, magharibi mwa Kenya, kwa mtambo wa FM wa wati 10, uliohesabiwa kuwa mdogo mno kwa kituo cha redio. Hata hivyo, mtambo huo ulikuwa na nguvu mara milioni 200 kuliko kifaa kinachoruhusiwa Uingereza bila leseni. Kituo hicho kilifungwa na serikali ya Kenya mwaka 1984. Wanaoagiza kwa njia ya intaneti transmita za wati 5, 7 au 15 wakidhani wananunua pambo la sikukuu wafahamu kwamba wananunua kituo cha redio.

Kwa nini Milima ya Uluguru ina neno

Mawimbi ya FM hutumia masafa ya megahezi 87.5 hadi 108 na husafiri kwa mstari ulionyooka, takriban kama mwanga. Mji wa Morogoro umelala kwenye mwinuko wa mita zipatazo 500 kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake kilele cha Lupanga kinapanda zaidi ya mita 2,100. Kusini zaidi, Kimhandu kinapita mita 2,600. Ukuta wa namna hiyo haupenyeki. Ndiyo sababu minara ya mawasiliano iliwekwa juu ya Bondwa, ambako mawimbi huweza kuteremkia pande mbili za safu hiyo.

Hali hii huleta mambo mawili yanayopingana. Kihonda na Mazimbu, kwenye tambarare, transmita ndogo humezwa na kuta, mapaa ya bati na nondo za madirishani, na mara nyingi haivuki hata barabara. Kilakala, Bigwa na nyumba zilizopanda mlimani hali ni nyingine kabisa. Antena iliyo mita 4 juu ya tambarare ina upeo wa redio wa kilomita 8 hivi. Ikiwa mita 200 juu ya tambarare, upeo huo hufika kilomita 55 na zaidi. Nguvu ni ileile, lakini kinachoweza kuvurugwa kimeongezeka mno.

Upande wa pili wa mlima ndiko kwenye hatari inayosahaulika. Wakulima wa mboga wa Mgeta, na wenzao wa Matombo na Kinole, wengi wao husikiliza redio katika mabonde ambako wimbi hufika likiwa limechoka. Redio ya FM ina tabia ya kushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulitupa kabisa lililo dhaifu. Haichanganyi sauti mbili kama ilivyokuwa ikitokea katika redio za mawimbi ya kati. Kwa maana hiyo, transmita ya milliwati chache katika kijiji cha bondeni inaweza kuifuta kabisa stesheni ya mbali kwa nyumba kadhaa zinazoizunguka, na wasikilizaji wasijue kilichotokea.

Hilo si suala la kukosa muziki tu. Taarifa za tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa huwafikia watu wengi kwa redio, na Uluguru ni nchi ya miteremko mikali. Mwezi Februari mwaka 1970 mvua kubwa ya saa chache ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta. Katika mazingira kama hayo, kumzimia jirani redio wakati wa mvua si utani.

Kuchagua masafa

Abood FM na Radio Ukweli ni miongoni mwa stesheni zenye makao Morogoro, mbali na zile za kitaifa zinazorudiwa kupitia minara ya mkoa. Masafa yaliyo kimya yatafutwe kwa redio ya gari, ambayo antena yake hunasa vizuri kuliko redio ya mezani. Usikilizaji ufanyike kwa siku kadhaa, mchana na usiku, kwa kuwa katika usiku wa joto usio na upepo mawimbi ya mbali husafiri kuliko kawaida. Namba iliyochaguliwa iwe na nafasi tupu pande zote mbili, ya angalau sehemu 0.4 za megahezi, kisha ndiyo ipelekwe TCRA kama pendekezo.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya Marekani havitamwambia msomaji wa Tanzania. Magari mengi yanayotembea nchini yametoka Japani yakiwa yametumika, na redio zake zimetengenezwa kwa masafa ya Japani, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa megahezi 76 hadi 90. Wenye magari hayo hufungiwa kifaa kinachoteremsha masafa, mafundi wakikiita ekspanda, ili wapate stesheni za juu. Gari lenye ekspanda huonyesha kwenye kioo namba tofauti na ile iliyoandikwa getini, na lisilo nayo halitasikia kitu chochote cha 100 au 104. Kwa hiyo namba iliyo kati ya 87.5 na 90 ndiyo itakayowafikia wengi, kama ipo iliyo wazi. Kama haipo, kibao kieleze hivyo kwa herufi kubwa, la sivyo nusu ya wageni watakaa barabarani wakizungusha redio zao bure.

Upande wa juu wa masafa una ulinzi wake. Mara baada ya megahezi 108 huanza masafa ya ndege: hadi karibu 118 ni ya vyombo vya kuongozea marubani, na kutoka 118 hadi 137 ni ya mazungumzo kati ya rubani na mnara. Transmita isiyo na vichujio vizuri hutoa mawimbi ya ziada nje ya masafa yake, na ndege iliyo angani huyasikia kirahisi kuliko gari, kwa sababu hakuna mlima wala ukuta kati yao. Ukaribu na 108 uepukwe hata kama namba hiyo ni kimya.

Kufunga kifaa

Kama idhini imepatikana, kinunuliwe kifaa ambacho masafa yake hushikiliwa na kioo cha kwatsi. Vile vya bei ya chini vinavyotegemea koili peke yake huhamahama kadiri vinavyopata joto, na katika joto la Morogoro la mwezi Desemba kifaa kilichowashwa saa 12 jioni kwenye namba moja kinaweza kukutwa kwenye nyingine saa 3 usiku. Transmita zinazochomekwa kwenye kiwashio cha sigara cha gari zinaweza kutosha kwa ua mdogo, zikipewa umeme wa volti 12 ulio safi.

Antena iliyokuja na kifaa isirefushwe. Urefu unaofaa hutokana na hesabu rahisi: 300 ikigawanywa kwa megahezi hutoa urefu wa wimbi kwa mita, na robo yake ndiyo antena. Kwa megahezi 88 ni sentimita 85 hivi. Kifaa kikae mbele ya nyumba, mbali na bati na nondo, na kipimwe kwa gari linalotembea taratibu hadi sauti ipotee. Sauti ikipotea kwenye kona ya mtaa, kazi imekwisha. Atakayeona haitoshi akumbuke kwamba kuongeza umbali mara mbili hudai nguvu mara nne, na kwamba kusogeza maegesho karibu na geti ni rahisi kuliko yote mawili.

Kiwango cha sauti kinachoingia kwenye transmita huharibiwa na wengi. Kikizidi, sauti hukwaruza na wimbi hutanuka likavamia stesheni za jirani. Kompyuta iwekwe nusu ya sauti kwanza, ndipo ipandishwe kidogokidogo mpaka ilingane na stesheni za kawaida. Mlio wa kuvuma chinichini kwa kawaida hutoka kwenye adapta ya umeme au vifaa vinavyoendesha taa za LED. Dawa yake ya kwanza ni kuvitenga na transmita kwa mita chache na kuvipa soketi tofauti.

Sauti itoke kwenye kompyuta kwenda kwenye transmita kwa waya. Bluetooth huichelewesha kwa sehemu ya sekunde ambayo jicho huitambua mara moja, taa zikatangulia na ngoma ikafuata nyuma.

Muziki nao una wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahusu pia nyimbo zinazopigwa mbele ya umma, hivyo atakayetaka kupamba Morogoro kwa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, jambo ambalo lingeupendeza mji uliomlea, aulizie kwanza utaratibu katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Desemba pia ni mwezi ambao vuli huweza kuwa bado inanyesha upande wa Uluguru. Viungio vyote vya nje viwe vya kuzuia maji na viinuliwe kutoka ardhini, na saketi ya taa iwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Transmita ifungwe kwenye swichi moja na taa, ili zinapozimwa usiku nayo izimike.