Kigoma Mwisho wa Reli: Nani Alimfundisha Nani Kushika Kamera

Ukienda Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone utaoneshwa mahali Stanley alipomkuta mzee huyo mwaka 1871. Hakuna harusi iliyowahi kupita Kigoma ikawa maarufu kama siku ile, lakini picha ya kamera haipo hata moja. Ile ya wazungu wawili wakisalimiana kwa kofia, iliyozunguka dunia nzima, ni mchoro tu wa baadaye. Waswahili, Waha na Waarabu wa Ujiji, wenye mji wao, wamewekwa nyuma kama pambo la ukumbi. Hata majina hawana.

Kamera ya filamu yenyewe ilipata umaarufu huku kwetu kupitia Gombe, ule msitu unaoufuata kwa boti kutoka Kibirizi. Jane Goodall alifika mwaka 1960. Mwaka 1962 shirika la National Geographic likamtuma Hugo van Lawick, Mholanzi, aje kuwapiga filamu sokwe. Mwaka 1965 filamu ikarushwa kwenye televisheni ya Marekani, sauti ya msimulizi ikiwa ya Orson Welles. Sasa piga hesabu: Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Kwa maana hiyo sokwe wa Kigoma walikuwa mastaa kwenye sebule za Wamarekani karibu miaka 30 kabla ya bibi wa Ujiji kuona televisheni ya nchi yake.

Watu wengi wanaishia hapo kwenye hii stori, na ndipo inapoanza kunoga.

Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire, wakateka wanafunzi watatu wa kigeni na msaidizi mmoja wa utafiti pale Gombe. Baadaye waliachiwa wote, lakini wanafunzi wa kigeni waliondoka na kituo kikabaki mikononi mwa vijana wa vijiji vya ufukweni. Hawakuwa na digrii. Walikuwa na saa, kalamu, fomu na miguu ya kupanda milima tangu alfajiri. Wao ndio walioendelea kuandika kila siku sokwe gani kala nini na kapigana na nani, utafiti haukukatika. Miaka ya 1980 mtafiti Mmarekani, Christopher Boehm, akawafundisha baadhi yao kutumia kamera ndogo za video. Mtoto wa mvuvi akawa kameramani, anamkimbiza sokwe kwenye vichaka huku mkono hautikisiki. Jaribu wewe na simu yako uone.

Na aliyekuja nyuma alijifunza kwa kumfuata aliyetangulia mlimani. Hakuna cheti. Majina yao ukiyataja leo kwenye kijiwe cha Mwanga, watu watakuuliza huyo ni nani.

Mjini nako kulikuwa na shule ya aina hiyohiyo, ila badala ya sokwe kulikuwa na maharusi. Mwenye kamera ya kanda ya VHS alikuwa mtu mkubwa. Sendofu haianzi hajafika. Nyuma yake alikuwepo dogo mmoja, mara nyingi mwanafunzi wa sekondari, anashika taa na kuvuta waya. Malipo yake sahani ya pilau na nauli. Miaka inapita, dogo anapewa kamera ya pili, anafundishwa kutokata vichwa vya watu, kutoacha sauti ya MC ikapasuka, kumwona mama wa bwana harusi akilia kabla hajajifuta.

Biashara hii haijawahi kuwa tamu kama inavyoonekana kwenye mitandao. Kamati ya harusi inatoa nusu, nusu nyingine unaidai mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Umeme wa Kigoma ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Kabla ya hapo, kuhariri video ya saa tatu ilikuwa kubahatisha. Halafu yule dogo uliyemfundisha ananunua simu kali, anaenda kwa kamati ileile na bei ya chini. Kuna makameramani walioacha kabisa kuchukua wanafunzi kwa sababu hiyo. Ukiwasikiliza, huwezi kuwalaumu sana. Lakini walioendelea kuwachukua ndio wenye watu wa kuwaita Jumamosi zikigongana harusi tatu.

Mwaka 2012 Kigoma All Stars walipotoka na "Leka Dutigite", vijana wengi wa Kigoma wakaona video siyo harusi tu. Kisha mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000 na ada ya mwaka 1,000,000. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaitoa wapi? Ada zilikuja kupunguzwa, ila wapo waliokuwa wameshakata tamaa, wakarudi kwenye dagaa.

Kuna kitu kimoja kinauma zaidi ya pesa. Mwaka 2014 ziligunduliwa kwenye ghala la National Geographic zaidi ya saa 100 za picha alizopiga van Lawick Gombe, mabaki ambayo hayakutumika. Yalikaa miaka 50 salama, na mwaka 2017 yakatengeneza filamu "Jane".

Kigoma mjini, kanda za VHS ziko juu ya kabati zimeota ukungu, na mashine ya kuzicheza hakuna. Ndani yake kuna babu waliokwishazikwa, ngoma za Kiha, masoko kabla hayajajengwa upya. Siku hizi hata ukungu hauhitajiki: hadi diski ni ghali, kamati haitaki kuilipia, kwa hiyo memori kadi ya Jumamosi iliyopita inafutwa Ijumaa jioni, maana kesho kuna harusi nyingine Gungu.