Mbiu, Baraza na Nyumba Kumi: Habari za Mtaa katika Pwani ya Mtwara

Historia ifundishwayo shuleni mara nyingi huwa ni historia ya vita, mikataba na watawala. Mwanafunzi wa Mtwara huweza kutaja mwaka ambao Livingstone alishuka Mikindani, yaani 1866; lakini akiulizwa jinsi wenyeji wa Mikindani wa siku zile walivyopata habari ya kisima kilichokauka, au ya jahazi lililoingia na nafaka, hana la kusema. Hata hivyo, maisha ya watu yalitegemea habari za namna hiyo kuliko msafara wa mgeni mmoja. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wakazi wa mitaa na vijiji vya pwani hii, tangu Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, walivyopashana habari na kutumia mali zao za pamoja. Tutaonyesha kwamba mambo hayo mawili hayakutengana. Aliyepewa habari alipewa pia fungu na wajibu. Na aliyenyimwa habari alikuwa amekwisha kunyimwa fungu lake.

Mbiu na baraza

Pwani ya Mtwara ina ghuba zilizotulia, ndiyo sababu majahazi yalizizoea tangu kale. Kusini yake iko Msimbati na Ghuba ya Mnazi, kisha mikoko ya mlango wa Ruvuma. Nyuma ya pwani huinuka uwanda wa juu wa Makonde, ambako maji ni haba na wakazi wake walilazimika kuyateremkia mabondeni. Katika nchi ya namna hiyo maji, chakula na nguvu za kazi havikuweza kuwa siri ya mtu mmoja.

Wahenga walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo." Mbiu ilikuwa pembe ya mnyama, na aliyeipiga alipita njiani akitangaza lililowapasa watu wote. Tukiichunguza methali hiyo tutaona kwamba haikusemwa "kuna hadithi", bali "kuna jambo", maana yake kuna shughuli. Kisima kilihitaji kufukuliwa, chombo kilikuwa hakijarudi baharini, au nyumba ilikuwa ikiungua. Aliyeisikia mbiu akabaki kitandani hakuhesabiwa kuwa hana habari. Alihesabiwa kuwa mtoro.

Habari zisizokuwa za dharura zilipimwa barazani. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalileta habari za bei, maradhi na ugomvi wa bandari nyingine, lakini neno la nahodha halikumezwa lilivyo. Wazee waliuliza nani kaona, nani kasikia tu, na nani anafaidika tukiamini. Wanawake nao walikuwa na baraza zao kisimani, katika ngoma na katika upatu, na huko ndiko ilikojulikana mapema ni nyumba gani haijapika. Katika vijiji vya Wamakonde wanaume walikutana chitala, mahali pa mazungumzo na hukumu. Tangazo la kuwaingiza vijana jandoni, katika likumbi, lilingoja mavuno, kwa kuwa shughuli hiyo ilihitaji chakula kingi. Hivyo aliyesikia kwamba jando limetangazwa alielewa pia kwamba wazee wamekwisha kuyapima maghala.

Mfano ulio wazi zaidi ni msiba. Habari ya kifo ilipelekwa nyumba kwa nyumba, na pamoja nayo yalikwenda maswali: nani atachimba kaburi, majamvi yatoke wapi, sufuria kubwa iko kwa nani. Kila aliyefika alitoa ubani kwa kadiri ya uwezo wake. Taarifa hiyo moja ilikuwa tangazo, mwito wa kazi na mchango kwa wakati mmoja.

Amri ya Boma na mji wa karanga

Wajerumani walijenga Boma la Mikindani mwaka 1895. Tangu hapo tangazo lilibadilika maana. Tangazo lililokuwa likiwaita watu kwenye kazi yao wenyewe sasa liliwaita kwenye kodi na kazi ya shuruti. Habari ilishuka kutoka juu, na jibu la watu halikuwa na njia ya kupanda. Mto Ruvuma nao ukafanywa mpaka kati ya Wajerumani na Wareno. Kipande cha Kionga, kusini ya mlango wa mto, kilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, kikarudi mikononi mwa Wareno mwaka 1916. Wenyeji hawakuulizwa mara zote mbili. Wao waliendelea kuvuka kwa mitumbwi, kwani ndugu, mashamba na misiba yao ilikuwa pande zote za mto.

Chini ya Waingereza lilianzishwa gazeti la serikali la Mambo Leo, mwaka 1923. Kwa kuwa waliojua kusoma walikuwa wachache, nakala moja ilisomwa kwa sauti na kusikilizwa na wengi. Watu waliligeuza gazeti likawa baraza, ijapokuwa wenye kulichapa walikuwa watawala.

Jambo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1947, ulipoanza Mpango wa Karanga. Palihitajika bandari ya kina kirefu kwa mazao ya Nachingwea, na Mtwara ikachaguliwa. Ramani ilipimwa, Shangani, penye upepo wa bahari, pakawa makazi ya Wazungu, na Waafrika wakapangiwa Majengo. Reli ikatandikwa. Lakini mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, na bandari ilipofunguliwa mwaka 1954 karanga zilizokusudiwa hazikuwako. Reli ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Leo jina la Kata ya Reli limebaki pale ambapo reli yenyewe haipo.

Tunataka wanafunzi wetu wazingatie kwamba uamuzi wa kuuanzisha mpango huo na uamuzi wa kuuvunja ulifanywa Uingereza. Maelfu ya watu waliihama nchi yao kufuata kazi, wala hawakuwa na baraza hata moja ambapo wangeweza kuuliza kazi hiyo itadumu miaka mingapi.

Nyumba kumi kumi

Baada ya Uhuru, chama cha TANU kilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi kuanzia mwaka 1964. Balozi wa nyumba kumi alitakiwa kupeleka habari kwa wananchi na kuzirudisha kwa viongozi. Kwa hiyo njia ya kupanda, iliyozibwa na Boma, ilifunguliwa tena. Balozi alisuluhisha ugomvi, aliita watu katika kazi za kujitegemea, na mgeni alipoingia alipelekwa kwake.

Katika Mtwara wajibu huo ulikuwa na uzito wa pekee. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji. Wakimbizi walivuka Ruvuma, na ndege za Wareno zilishambulia vijiji vya mpakani. Kumjua mgeni kukawa jambo la ulinzi na la ukarimu pamoja: ilibidi ijulikane ni nani wa kutiliwa shaka, na ni nani wa kupewa chakula na mahali pa kulala. Hali hiyo iliendelea mpaka Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Redio nayo iliingia katika mpango huo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu nchini kote walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hapo tunaiona tena desturi ya mbiu: habari iliyosikiwa pamoja huzaa kazi ifanywayo pamoja.

Hatusemi kwamba mambo yalikuwa kamili. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, sabuni na khanga ziliadimika, na katika miji mingi orodha ya balozi ndiyo iliyoamua nani apate. Palipokuwa na balozi mwadilifu, orodha ilisomwa hadharani. Palipokuwa na balozi wa namna nyingine, ilisomwa gizani.

Gesi na kimbunga

Mwaka 1982 gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi. Ulipotangazwa mpango wa kuijengea bomba hadi Dar es Salaam, wakazi wengi wa Mtwara walilalamika kwamba hawakushirikishwa wala kuelezwa watafaidika vipi. Desemba 2012 waliandamana, na Mei 2013 zikazuka ghasia zilizoleta vifo na hasara ya mali. Kila upande ulikuwa na hoja zake. Lakini mwanahistoria hawezi kuacha kuona kwamba mali ya mahali ilitangulia na habari yake ikachelewa, na kwamba pengo hilo lilijazwa na uvumi.

Linganisha na Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipoikaribia pwani hii. Wakazi walitangaziwa mapema wahame sehemu za hatari na wakimbilie majengo imara. Shule na ofisi zikafungwa. Kimbunga kilitua tarehe 25 Aprili kusini ya mpaka, katika jimbo la Cabo Delgado. Mtwara ilinusurika, lakini hata kama kisingegeuka, watu wangalikuwa wamekwisha kuisikia mbiu.

Hitimisho

Siku hizi habari humfikia kila mtu peke yake, katika simu yake. Hufika upesi kuliko mbiu, jambo ambalo ni jema. Lakini apokeaye peke yake hana wa kumwuliza "nani kaona?", wala haamki pamoja na wenzake kwenda kisimani. Mkutano wa mtaa na mbao za matangazo ya mapato na matumizi zingali zipo kwa kazi hiyo, na zinastahili kuhudhuriwa na kusomwa.

Tunawaomba walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wa Mikindani, Msanga Mkuu, Msimbati na Majengo, wakaulize ni nani aliyepiga mbiu, kisima cha mtaa kilifukuliwa na nani, na sufuria ya msiba iliwekwa kwa nani. Majibu hayo hayamo katika majalada ya Boma. Yamo vifuani mwa watu, na wengi wao ni wakongwe.