Usafirishaji wa magobori wakati wa uwindaji nchini Marekani

Usafirishaji wa magobori wakati wa uwindaji nchini Marekani unaongozwa na sheria za ngazi mbili: sheria za shirikisho, zinazohusu nchi nzima, na sheria za kila jimbo, ambazo ndizo zinazomgusa mwindaji kila siku. Sheria za majimbo mengi zinakataza kubeba bunduki ndefu iliyojazwa ndani ya gari wakati wa kuwinda. Kwa bunduki ya kawaida katazo hilo halina utata. Kwa gobori linazua swali ambalo limewafikisha wawindaji wengi mbele ya askari wa wanyamapori: ni wakati gani gobori huhesabiwa kuwa limejazwa?

Jinsi gobori linavyojazwa

Gobori hujazwa kupitia mdomo wa mtutu. Baruti hutangulia, risasi hufuata, kisha vyote hushindiliwa kwa mdeki hadi chini. Tofauti kati ya magobori iko katika namna ya kuwasha baruti hiyo.

Katika gobori la gumegume, jiwe hugonga kipande cha chuma na cheche huangukia baruti kidogo iliyowekwa kwenye kisahani kando ya mtutu; moto hupita katika tundu dogo na kufikia baruti iliyo ndani. Katika gobori la fataki, nyundo hugonga kifuniko kidogo cha madini chenye kemikali inayolipuka, kilichovishwa juu ya kichuchu cha chuma. Aina za kisasa zilienea baada ya Tony Knight, fundi bunduki wa Missouri, kutoa bunduki yake ya MK-85 mwaka 1985. Hizi huweka fataki nyuma ya mtutu, katika mstari mmoja na baruti. Zipo pia chache zinazowashwa kwa betri.

Bunduki ya risasi za ganda hutolewa risasi kwa sekunde chache. Gobori halifanyi hivyo. Mwenye gobori la zamani ana njia mbili tu za kawaida: kulifyatua, au kuichomoa risasi kwa skrubu inayofungwa kwenye ncha ya mdeki, kazi ngumu inayohitaji subira na uangalifu. Mwindaji anayehama kwa gari mara tatu katika asubuhi moja angelazimika kufyatua mara tatu, akifukuza wanyama na kuwashtua majirani, au kuhangaika na skrubu kando ya barabara huku mikono ikiganda kwa baridi.

Maana ya "tupu" katika sheria za majimbo

Kwa sababu hiyo majimbo mengi yameweka maana ya pekee. Gobori huhesabiwa kuwa tupu likiondolewa kile kinacholiwasha, hata kama baruti na risasi bado zimo ndani ya mtutu. Sheria ya Ohio inasema bunduki ya fataki au ya gumegume ni tupu pale fataki inapotolewa, au pale baruti ya kuwashia inapoondolewa kwenye kisahani. Minnesota na Wisconsin zinafuata njia hiyohiyo. Colorado inalitazama jambo hilo kutoka upande wa pili: gobori ni tupu ikiwa halijatayarishwa kuwaka, na kutayarishwa maana yake ni kuwa na fataki juu ya kichuchu, au kuwa na jiwe kwenye mtambo pamoja na baruti kwenye kisahani.

Kwa gobori la betri, baadhi ya majimbo hutaka betri itolewe au ikatwe. Kuhusu mfuko au sanduku la bunduki, majimbo hayafanani. Wisconsin ilikuwa ikitaka bunduki ndefu ifungwe ndani ya mfuko ikiwa garini. Tangu mwaka 2011 yatosha iwe tupu. Anayevuka mpaka wa jimbo akidhani sheria ya nyumbani inamfuata hujidanganya, kwa kuwa kitabu cha kanuni za uwindaji hutolewa na kila jimbo, na hurekebishwa mara kwa mara.

Hatari inayobaki

Gobori lililo tupu kwa sheria si lazima liwe tupu kwa kweli. Nyundo ya gumegume ikianguka wakati jiwe bado limefungwa, cheche zinaweza kupenya tundu la mtutu na kuwasha baruti hata kama kisahani ni kikavu. Ni nadra, lakini hutokea. Ndiyo maana wakufunzi wa uwindaji hushauri jiwe nalo litolewe, au kile chuma kinachogongwa kivishwe kipande cha ngozi, na mdomo wa mtutu usielekezwe kwa mtu yeyote ndani ya gari.

Hatari nyingine ni usahaulifu. Gobori lililowekwa pembeni likiwa na shehena ya jana linaweza kushindiliwa tena leo, na shehena mbili zikiwaka pamoja mtutu unaweza kupasuka mikononi mwa mwindaji. Kinga yake ni rahisi: mdeki huwekewa alama mbili, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojazwa. Mdeki ukitumbukizwa, alama husema ukweli. Jioni, msimu wa siku ukiisha, ushauri wa kawaida ni kulitoa gobori shehena yote kabla ya kuliingiza nyumbani.

Sheria za shirikisho

Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 haihesabu "bunduki za kale" kuwa bunduki. Kundi hilo linajumuisha silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na pia magobori mapya yanayotumia baruti nyeusi au mbadala wake na yasiyoweza kutumia risasi za ganda. Gobori linaloweza kugeuzwa kwa urahisi, kwa kubadilisha mtutu kwa mfano, lipate kupiga risasi za ganda, limo katika kundi la bunduki za kawaida.

Wengi husoma msamaha huo kama ruhusa ya kubeba gobori wapendavyo. Sivyo. Majimbo yana maana zao wenyewe za neno "bunduki", na sheria za uwindaji hulihesabu gobori waziwazi. Tena msamaha huo una upande wa pili: sheria ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri apitaye katika majimbo kadhaa na bunduki tupu iliyofungiwa mbali naye hutumia neno "bunduki" kwa maana ileile ya shirikisho. Kwa herufi zake, basi, silaha ya kale haimo katika ulinzi huo.

Baruti nyeusi ni kilipuzi. Sheria ya shirikisho inaruhusu kuwa nayo bila leseni hadi ratili 50, yaani karibu kilo 23, kwa michezo, burudani au utamaduni katika bunduki za kale. Ruhusa hiyo haiingii ndani ya ndege. Gobori tupu kabisa husafiri katika mizigo ya chini tu, ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, baada ya kutajwa kwa shirika la ndege. Baruti nyeusi na fataki hazikubaliwi kabisa, si mkononi wala katika mizigo, kwa hiyo mwindaji hununua baruti huko aendako.

Kanada

Kanuni za Kanada zina msamaha mwembamba zaidi. Gobori lenye shehena linaweza kusafirishwa kutoka eneo moja la uwindaji hadi jingine, mradi fataki au jiwe limetolewa. Safari ya kwenda nyumbani haimo.

Neno gobori na Afrika Mashariki

Bunduki za aina hii ziliingia bara la Afrika Mashariki kwa wingi katika karne ya 19 kupitia Zanzibar na misafara ya biashara, na zilitumika katika Vita vya Majimaji vya 1905–1907. Hadi leo yapo magobori yanayotengenezwa na mafundi wa vijijini. Msamaha wa Marekani kwa silaha za kale hauna nguvu huku: nchini Tanzania gobori ni silaha kama nyingine, na kulimiliki bila leseni ni kosa la jinai, liwe limejazwa au halikujazwa.