Miaka Kumi na Mitano ya Kumtafuta Adui wa Kidung'ata

Anayetoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi hupita Kimandolu, na siku hizi huona nyumba na maduka mengi kuliko migomba na mibuni. Katika maduka ya pembejeo ya ukanda huu, kilimo chetu kimepangwa kwenye rafu kwa chupa: dawa ya kidomozi, dawa ya kutu, dawa ya kantangaze. Mdudu anayeua mdudu hauzwi humo. Hata hivyo, Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kumtumia, na historia hiyo inatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Mwaka 1923 vidung'ata walivamia mashamba ya kahawa ya walowezi karibu na Thika, Kenya. Ni wadudu wadogo wenye unga mweupe, wanaofyonza utomvu wa mti na kutoa majimaji matamu. Sisimizi huyafuata majimaji hayo, na kwa sababu hiyo huwalinda vidung'ata dhidi ya wadudu wanaowala. Walowezi wakaanza kuzungushia mashina ya mibuni mkanda wa grisi ili sisimizi wasipande. Mkanda ulipunguza tatizo bila kulimaliza.

Dawa ikatafutwa mbali. Kwa kuwa wataalamu walidhani wadudu hao ni wa spishi zilizokwisha kufahamika Asia, maadui wao wa asili waliagizwa kutoka huko na kuachiwa mashambani. Hawakufaa kitu. Bidii haikukosekana, jina la mdudu ndilo lililokosewa. Mwaka 1935 R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya kikoloni, alithibitisha kwamba huyu ni wa spishi ambayo haijawahi kuelezwa, akampa jina la kisayansi la *kenyae*. Kichekesho ni kwamba Kenya haikuwa kwao. Makazi yake ya asili yalikuwa Uganda na maeneo ya jirani, ambako aliishi pasipo kuwa balaa, kwa sababu nyigu wadogo sana humtagia mayai mwilini na funza wao humla kutoka ndani.

Mwaka 1938 nyigu wa jenasi ya *Anagyrus* waliletwa kutoka Uganda, na katika miaka michache kidung'ata akashuka hadhi, akawa msumbufu wa kawaida. Kwa makadirio yaliyotolewa baadaye, hadi mwaka 1959 kazi yote ilikuwa imegharimu chini ya pauni 30,000, na hasara iliyoepukwa ilifikia pauni milioni 10. Kwa miaka kumi na mitano jibu lilikuwa nchi jirani.

Wapo wanaopinga njia hii kwa kutaja chura wa Australia, na wana haki ya kumtaja. Aliingizwa Queensland mwaka huohuo wa 1935 ale mende wa miwa. Akawaacha mende, akala kila kilichoenea kinywani mwake, akazaana hadi leo. Lakini chura ni mlafi asiyechagua, ilhali nyigu wa Uganda alichaguliwa kwa sababu ya uchaguzi wake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja DDT pamoja na jamaa zake. Sumu hizo ziliua visumbufu na walinzi wao kwa pamoja, na katika kahawa ya Kenya wadudu waliokuwa wakizuiwa na nyigu, kidomozi akiwamo, wakaongezeka.

Kosa la jina lilijirudia katika muhogo. Kidung'ata wa muhogo alionekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akasambaa kwa kasi ya kutisha. Watafiti walikwenda kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakapata mdudu aliyefanana naye; nyigu wa huyo hawakumdhuru wetu, kwani walikuwa spishi mbili. Mwaka 1981 mwenyewe alipatikana Paraguay, pamoja na nyigu wake. Hans Herren na wenzake wa taasisi ya IITA, Ibadan, waliwazalisha na kuwaachia katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mamilioni ya wakulima wakaokolewa pasipo kununua kitu, na wengi hawakujua kwamba wameokolewa. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Nyigu akishajiimarisha shambani haagizwi tena, kwa hiyo hana wakala, hana tangazo redioni, hana duka Kimandolu. Anayeweza kumgharamia ni umma. Afrika Mashariki ilikuwa na taasisi za pamoja za utafiti, TPRI ya hapa Arusha ikiwa mojawapo, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Sheria ya mwaka 1979 iliifanya TPRI kuwa ya Tanzania, na sheria ya mwaka 2020 ikaiingiza katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Angalau safari hii afya ya mimea imetangulia viuatilifu katika jina.

Mwaka 2014 nondo wa nyanya kutoka Amerika ya Kusini, aliyekuwa ameingia Hispania mwaka 2006, alionekana Ngabobo, Arumeru. Wakulima wakamwita kantangaze, yaani nenda ukanitangaze. Jina lake la kisayansi lilijulikana mapema. Kilichochelewa ni adui wake. Miaka kadhaa baadaye ICIPE ya Nairobi ilileta nyigu kutoka Peru, ikamjaribu na kumwachia Kenya. Wakati huo wote mkulima wa Arumeru alikuwa na pampu mgongoni.

Kutoka Ngabobo hadi ofisi za Mamlaka, Ngaramtoni, ni kuuzunguka mlima Meru tu. Nawauliza watumishi wa umma mnaonisoma: katika bajeti ya mwaka huu, ni kifungu kipi kinachomlipa mtu wa kukaa na darubini, kumtambua mdudu mgeni, kisha kusafiri hadi kwao kumtafutia adui?